Breki za Mashaka

"Ni namba tatu au namba nne?" Naima aliuliza, mkono juu ya makopo ya oili ya breki.

Mashaka alikuna kisogo. "Yoyote tu, sista. Iliyo nzuri."

"Yoyote tu haipo! Si nilikwambia usome kwenye kifuniko cha garini, palepale unapomimina? Ukiweka isiyo yake, siku utakanyaga breki na gari liende zake."

Mashaka akacheka, akaangalia viatu vyake vyenye vumbi. "Nimesahau tena. Nipe namba tatu."

Duka hilo la vipuri pale Keko Naima aliachiwa na baba yake, zama za ruksa ya biashara huria zilipochanganya, magari ya mtumba ya Japani yakafurika mjini na makopo ya bandia yakafurika nayo. Naima hakuuza bandia. Wala hakumpa mtu kopo lililokwisha kufunguliwa, maana oili ya breki ikikaa wazi hunywa unyevu, na breki zikipata moto zinagoma.

Lakini huyu Mashaka, kijana mpole wa Temeke, alimkosesha raha. Kila Jumamosi kopo. Gari zima halinywi hivyo. Lake bila shaka lilikuwa linavuja, tena vibaya.

"Mlete fundi aliangalie," alimsihi.

"Nitamleta."

Hakumleta. Jumamosi iliyofuata hakuja hata yeye mwenyewe.

Asubuhi Naima alijiambia Mashaka ana shughuli. Adhuhuri alimpa mteja plagi badala ya fani belti. Alasiri akawa anamwona akilini Mashaka yuko mtaroni, gari limembinukia, na yeye ndiye aliyemuuzia oili bila kulikagua. Akafunga duka, akamwita fundi Kondo aje na spana zake, wakashika njia ya Temeke, wakiuliza nyumba hadi nyumba.

Mlangoni walimkuta mama yake Mashaka, Bi Mwanaheri, anapepeta mchele.

"Shikamoo mama," Naima alisema, pumzi juu. "Mashaka mzima?"

"Marahaba. Mzima, yumo ndani."

Naima aliegemea ukuta. Machozi yalimlenga, akayameza. "Alhamdulillahi! Basi tuonyeshe gari, mama. Fundi huyu hapa, breki zitengenezwe leo leo. Mie sitaki kulala na roho juu tena."

"Gari?" Bi Mwanaheri aliweka ungo chini. Alimtazama yule binti kuanzia ushungi hadi kandambili, na uso ukaanza kumchanua. "Mwanangu, Mashaka hata baiskeli hana. Leo nimemkataza kutoka, maana makopo yamejaa mpaka chini ya kitanda changu, na hakuna hata moja lililofunguliwa."

Akageuka, akapaza sauti ndani: "We Mashaka! Vaa shati, mkwe wangu kaja mwenyewe!"