Aliyepima Shimo Jeusi

Mektilda alinyoosha mkono kabla makofi hayajaisha.

Ukumbi wa parokia pale Msamala, Songea, ulikuwa umejaa. Wanafunzi walikalia hata madirisha ili wamwone Profesa Pankrasi, mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Namtumbo, aliyepima kasi ya mzunguko wa shimo jeusi, lile la angani linalomeza hata nuru. Alikuwa ameshawaeleza yote. Gesi inayovutwa na shimo hilo hupata joto kali na kutoa eksirei, nazo hunaswa na darubini iliyo kwenye setelaiti. Shimo likizunguka kwa kasi, gesi hulisogelea zaidi kabla ya kumezwa, na eksirei zake huzidi kupotoka. Ukipima kupotoka huko, umepata kasi. Shimo lake, alisema, lilikaribia kikomo cha kasi inayowezekana.

"Shikamoo, Profesa," Mektilda alisema kwenye maikrofoni aliyopewa.

Pankrasi alimtambua. Tabasamu likamkauka. "Marahaba, Mwalimu."

Kabla hajawa mwalimu wa fizikia kule Ruhuwiko, Mektilda alikuwa mwanafunzi wake chuoni. Ndiye aliyezichambua eksirei za shimo lile hadi macho yakamvimba. Matokeo yalipochapishwa, jina lake halikuwemo. Alipolalamika, Pankrasi alimwita mwongo, kisha akahakikisha hakuna chuo kinachompokea tena. Mektilda akarudi Songea na hasira iliyokataa kupoa.

"Kazi kubwa namna hii," alisema sasa, "hukusaidiwa na mtu?"

"Niliifanya mwenyewe."

"Hata kuamua data zipi zitumike na zipi ziachwe?"

Pankrasi akawageukia watu. "Mwalimu huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Hakumaliza. Mnisamehe, naona bado inamuuma."

Ukumbi ukacheka. Binti mmoja wa darasa la Mektilda akainamisha kichwa kwa aibu.

Bibi Getruda, mama yake profesa, aliyeketi mstari wa mbele, hakucheka. "Mwanangu," akasema, "kama yupo aliyekusaidia, mtaje. Hutapungukiwa na kitu."

Mektilda alimtazama yule mama, na moyo ukamlegea kidogo. "Mama anakuomba, Profesa. Taja hata mtu mmoja tu."

Pankrasi alishika msalaba uliokuwa shingoni mwake. "Mama, mbele yako na mbele ya Padri aliyepo hapa, naapa. Hakuna mkono mwingine uliogusa data zile. Kilichotumika nilikichagua mimi. Kilichoachwa nilikiacha mimi."

Watu wakasimama kumpigia makofi. Wachache walimgeukia Mektilda, wakamwonea huruma. Yeye alimpa maikrofoni mwanamke mgeni aliyeketi kando yake.

"Naitwa Devota," mwanamke yule alisema, makofi yakififia. "Nimetumwa na kamati inayochunguza kipimo hicho. Tumezipitia upya data zote za setelaiti. Shimo lile linazunguka polepole, Profesa. Kuna mtu aliziondoa kwa makusudi eksirei zote zilizoonyesha hivyo, ili kasi ionekane kubwa. Tulichokuwa hatujui ni nani. Asante kwa kutujibu mbele ya mashahidi."

Taratibu, Pankrasi akageuka kumtafuta Mektilda.

Mwalimu alikuwa ameshaketi, mikono mapajani, akimtabasamulia. Na hapo ndipo profesa alipotamani, kwa mara ya kwanza, kuitangazia dunia kwamba kazi yote ile ilikuwa ya Mektilda.