Hodi kwenye Mlango Uliozibwa

Hii alinihadithia shangazi yangu Mwanamkasi, tukichambua choroko.

Nungunungu alikuwa na shimo la milango miwili, na moto wa nyika ukija wanyama wadogo wote walikimbilia humo. Siku moja mlango wa nyuma ukabomoka. Nungunungu akauziba kwa ndani, nje akauacha vilevile.

“Umewaambia wenzio?” akauliza Buku, yule panya mkubwa mwenye mdomo mrefu.

“Niwaambie wanisumbue: ‘Kwa nini? Utafunguliwa lini?’ Atakayefika ataona mwenyewe.”

Moto ukaja kweli. Nungunungu akawatazama walioingia kwa mbele, mwanawe hayumo. Mara akasikia nyuma ya udongo: “Hodi! Hodi, mama!” Mtoto alifunzwa adabu, haingii mpaka ajibiwe. Basi akawa anangoja.

“Zunguka mbele, mwanangu! Hapa hapapitiki!”

Nje moto ulinguruma, mtoto hakusikia. Hodi ya tatu haikuja.

Mpaka leo Nungunungu hukaa pale nje, akimwambia kila apitaye, hata asiyeuliza: “Umezibwa huu. Pitia mbele.”

Haya, laleni wajukuu zangu. Mlango wa uani komeo limekwama. Mkitaka kutoka, piteni mbele.