Khisa Ameingia Kwa Matete

Khisa ameruka kwa matete. Tulikuwa tunatembea tu kando ya mto Nzoia, ile njia ya miguu ya kwenda mji wa pili, yenye waliweka mawe ndio pikipiki zisipite. Na hata sijamaliza kumpea habari yangu: ati mama amekubali, wazee wa kina Khisa waje kwetu Jumamosi.

Nikafikiria ni nyoka.

"Khisa, ni nini bana?"

Naona tu kiatu chake kimoja, ile raba nyeupe nilimnunulia, inazama kwa matope polepole, na yeye hatoi mguu.

Kuangalia mbele, kuna mama mmoja amebeba kikapu ya mboga. Na yeye pia ameacha njia. Amesimama kwa mahindi, ametupea mgongo, amejifunika leso mpaka uso.

Sasa mimi niko katikati, sielewi. Hiyo kitu naijua, kwetu Wabukusu nani haijui? Mwanaume akikutana na mama mkwe wake njiani, wote wawili wanajificha, wasionane uso. Lakini mama mkwe wa Khisa si atakuwa mamangu? Na mamangu nimemwacha Kitale asubuhi, anapanga vile atapikia wageni.

Yule mama akaniongelesha bila kugeuka, kwa upole kabisa.

"Msichana wangu, wewe ni dada yake?"

Nikaangalia ile raba.

"Sema ndio," Khisa akaninong'onezea.