Unywele Ndani ya Sufu

Tangu mkewe afariki, fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa akienda kwa shemeji yake kila Jumamosi kujifunza kusokota sufu na kuitia rangi. Marehemu ndiye aliyeipenda kazi hiyo, na aliacha gunia zima la sufu aliyoiosha kwa mikono yake.

"Shemeji, huo ni uzi au kamba ya kufungia mbuzi?" shemeji alimtania, huku akikoroga sufuria ya maganda ya vitunguu jikoni.

Fundi alicheka, akachukua fungu jingine alichambue. Hapo vidole vyake vikasita. Ndani ya sufu nyeupe mlikuwa na unywele mmoja mrefu, mweusi, ulioanza kuingia mvi shinani.

Aliufahamu mara moja. Mkewe aliiosha sufu hiyo miezi ile dawa zilipokuwa zikimpukutisha nywele. Kila asubuhi fundi aliziokota kwenye mto wa kulalia na kuzitupa kabla mwenzake hajaamka, asije akaziona. Hakubakiza hata mmoja.

"Umepata takataka?" shemeji aliuliza bila kugeuka. "Itoe, itaharibu uzi."

Fundi aliuviringisha unywele kidoleni, ukazama kidogo kwenye ngozi yake ngumu.

Shemeji akageuka, akauona. Mwiko ulibaki hewani, ukidondosha rangi miguuni mwake.

"Wa dada," alisema.

Fundi aliulaza unywele juu ya sufu, akainua kijiti cha kusokotea.

"Nishikie huku," alisema. "Nisije nikaukata."