Ubavu wa Kulia

Bi Mwatumu aliligeuza fuvu sandukuni, akalilaza kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Daktari Anselmi, mgeni wake aliyelichimbua pangoni, akalirudisha chali.

“Likilala ubavu meno yatang’oka, mama. Meli inaondoka kesho, na safari ni ndefu.”

“Na sisi maiti hatumlazi chali, akatazama dari kama mgonjwa wa mapenzi.”

“Huyu ni wa kale mno. Hata dini yake hatuijui.”

“Wewe ulipoletwa kwangu na homa, nilikuuliza dini? Nilikunywesha uji.”

Daktari akacheka. Bi Mwatumu akachana upindo wa leso yake, akaupitisha chini ya taya na kuufunga utosini, kama wafungwavyo wafu wa mji ule. Kisha akalilaza tena ubavu. Hakuna jino lililotikisika.

Daktari akashika nyundo na misumari ya kifuniko, akasita. “Lakini meli hugeuka, mama. Kibla kitahama.”

“Basi utakuwa unamgeuza, mwanangu.”

Daktari akaketi kando ya sanduku lililo wazi, misumari ikipata joto kiganjani mwake.