Amiri wa Mlango

Hapo kale, wanyama walipokuwa na vikao vingi kuliko chakula, fisi waliizingira ngome yao ya pangoni. Mlango ulikuwa mmoja, tena hauna ubao.

Nungunungu, shujaa mstaafu aliyenenepeana kwa viazi vya heshima, akajitolea kupigana. Wajumbe wa baraza wakasaidiana kumsukuma nje, maana tumbo liligusa kuta.

"Enyi watoto, babu zenu wananijua!" akafoka.

"Basi sogea, babu, tukuamkie," fisi wakacheka.

Nungunungu akageuka mbio. Kichwa kikapita mlangoni, tumbo likagoma. Akanasa, miiba yote nje. Fisi wakamrukia kwa pupa, wakarudi wakilia, pua zimejaa miiba.

Ndani, Mwenyekiti Nguchiro akatangaza, "Mzee amekataa kuuacha mlango! Tangu sasa ni Amiri."

"Nivuteni, jamani," Nungunungu akanong'ona. "Mimi nilikuwa nakimbia."

Nguchiro akamwinamia sikioni. "Tulikuona, mzee wangu. Lakini fisi hawajui, na bado wako nje." Akamsogezea kapu la viazi mdomoni. "Kula, Amiri. Usije ukatukondea."