Kibiriti cha Shomari

Tangu banda la kupikia liteketee Hidaya akiwa ndani, miaka miwili sasa, hakugusa moto tena. Mumewe, Shomari, ndiye aliyewasha. Kibiriti kilikaa kwenye mfuko wa shati lake, na kila asubuhi Hidaya alisimama mlangoni, akimtazama kama mtu anayetazama mkombozi.

Kisha akaja mshauri wa zahanati, Bwana Mbwera, mwenye sauti ya upole. Kila Jumanne Hidaya alikwenda kuketi naye saa nzima.

"Mnazungumza nini?" Shomari alimuuliza.

"Habari za ule moto."

Habari za ule moto! Yeye mumewe hakuwahi kusimuliwa hata neno moja. Wivu ukamchoma kama mwiba wa samaki.

Jumanne hii Hidaya alirudi, akanyoosha mkono.

"Nipe kibiriti, mume wangu. Leo nawasha mwenyewe."

"Kakutuma yeye?"

"Hajanituma. Kaniuliza tu naogopa nini."

Shomari akaenda kwanza mtungini, eti ana kiu. Aliporudi, akampa.

Hidaya akapiga njiti ya kwanza, ya pili, ya tano. Zote zilivunjika vichwa kwa maji. Akautazama mkono wa shati la mumewe, unavyochuruzika. Akaokota kigae, akaenda kwa jirani kupalia moto.

Alirudi polepole, makaa mekundu juu ya kigae, mikono imetulia tuli. Shomari alikuwa amesimama mlangoni, palepale alipozoea kusimama mkewe.

"Nipishe," Hidaya alisema, "nisije nikakuunguza."